Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara: wagonjwa wapya wa kisukari mjini bado hatujawahesabu

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara,
Katibu Tawala wa Mkoa,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

YAH: REJISTA MOJA YA WAGONJWA WAPYA WA KISUKARI KATIKA MANISPAA

Waheshimiwa, salaam.

Kila unapoandaliwa mpango kabambe wa afya wa halmashauri, linaingia jedwali lenye mstari wa kisukari, na namba iliyo kwenye mstari huo husomwa kama idadi ya wagonjwa wapya wa mwaka. Kwa namba hiyo dawa zinaagizwa, watumishi wanapangwa, na hotuba zinaandikwa. Sisi tunaoandika barua hii ni watu wa maabara, wa kliniki za kisukari na wa takwimu za afya, na tunawaomba muache kuitumia kwa kazi hiyo. Haikukosewa kujumlishwa. Tatizo ni kwamba inahesabu kitu kingine kabisa.

Mfumo wa MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, huyagawa mahudhurio ya wagonjwa wa nje katika mafungu: aliyefika kwa mara ya kwanza mwaka huu, na aliyekuja kwa marudio. Kwa kujua watu wangapi wanatumia kituo, mgawanyo huo unatosha. Sasa mchukueni mama wa Magomeni aliyegunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2016. Januari anakwenda kuchukua metfomini, dawa ya kushusha sukari. Kwa kituo kile, hilo ni hudhurio la kwanza la mwaka. Machi anakuta dawa zimeisha, anaenda kituo cha pili, na huko nako ni mara ya kwanza. Agosti anapewa rufaa ya macho, anaandikwa upya kwa mara ya tatu. Mtu mmoja, ugonjwa wa miaka na miaka, mistari 3 ya mara ya kwanza. Jirani yake wa Rahaleo, ambaye sukari imempanda mwaka huu huu na hajawahi kuchomwa kidole, hayumo kitabuni hata kimoja.

Kuthibitisha hili hakuhitaji mtafiti kutoka mbali. Mtumishi mmoja akae siku 3 na vitabu vya Januari vya vituo 4 au 5, achukue mistari 100 ya kisukari iliyowekwa alama ya mara ya kwanza, kisha atafute kadi ya kliniki ya kila mmoja na kuangalia tarehe ilipofunguliwa. Kadi iliyofunguliwa mwaka jana au kabla ya hapo si ya mgonjwa mpya. Asipoipata kadi, apige simu. Tunatarajia sehemu kubwa ya mistari hiyo iwe ya watu wa zamani, lakini msituamini kwa maneno. Fanyeni zoezi kwanza ndipo muendelee kusoma.

Kuna mambo mawili ambayo kwenye vikao vyetu huchanganywa. La kwanza ni watu wangapi wanaishi na kisukari hivi sasa. La pili ni wangapi, kati ya wasiokuwa nacho, wanakipata ndani ya mwaka. Wana Mtwara mnaelewa ghala la korosho: mzigo uliomo ndani ni hesabu moja, na magunia yanayopokewa leo ni hesabu nyingine. Ghala linaweza kujaa kwa sababu mzigo mwingi unaingia, au kwa sababu hautoki. Kwa kisukari, kutoka ni kufa au kuhama. Tukiwatibu watu vizuri wakaishi miaka 20 badala ya 8, idadi ya wanaoishi na ugonjwa itapanda hata kama wapya hawajaongezeka hata mmoja. Na wagonjwa wakifa mapema kwa figo, vidonda vya miguu na kiharusi, idadi hiyo inaweza kutulia huku wapya wakimiminika. Kiongozi anayetazama idadi ya waliopo peke yake anaweza kupongeza kituo kibovu na kukigombeza kilicho kizuri.

Kuhusu waliopo, nchi yetu ina taarifa za miaka mingi. Utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 100. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro: Ilala ilikuwa asilimia 5.9 kwa wanaume na 5.7 kwa wanawake, Shari asilimia 1.7 na 1.1. Utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, STEPS, wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata asilimia 9.1. Ukizipanga namba hizo mstarini unaona mlima, na mlima upo kweli. Lakini vigezo, umri na mashine havikuwa vilevile, kwa hiyo haifai kutoa moja kwenye nyingine na kuita tofauti hiyo kasi ya wapya.

Kuhusu wapya, kwa mji wetu hatuna kitu. Pengo hilo ni kubwa kiasi gani? Tuseme Manispaa ina watu wazima 65,000 wasio na kisukari. Ni namba ya mfano tu. Mwaka 2019 Marekani ilikadiria wapya 5.9 kwa kila watu wazima 1,000. Ikiwa sisi tuko hapo, tunapata wapya kama 380 kwa mwaka. Chennai, India, utafiti uliofuatilia watu kwa takriban miaka 9 ulipata wapya 22.2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Ikiwa tuko hapo, ni wapya zaidi ya 1,400. Namba hizo mbili zenyewe hazilingani sawasawa, maana Marekani walihesabu walioambiwa na daktari, Chennai walirudi kupima damu ya watu waliowafuatilia. Hata hivyo zinaonyesha upana wa giza tunalopangia bajeti: karibu mara 4.

Tafsirini hilo kwa vidonge. Mgonjwa aliyefika dozi ya metfomini ya gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni anameza vidonge 4 vya miligramu 500 kwa siku, yaani 1,460 kwa mwaka. Wapya 380 wanahitaji vidonge kama laki 5 na nusu kila mwaka, juu ya vile vya wagonjwa waliokuwepo. Wapya 1,400 wanahitaji milioni 2 na ushee. Oda ya Bohari ya Dawa iliyojengwa juu ya namba isiyo sahihi huleta mojawapo ya mawili: rafu tupu ifikapo Mei, au makopo yanayoisha muda wake stoo. Na mara nyingi huleta yote mawili kwa mpigo, kituo kimoja kina ziada na cha jirani hakina hata kidonge.

Kwa nini tumesema mjini? Kwa sababu mji huu umebadilika haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 Manispaa, na ya 2022 ikakuta wamefika laki moja na arobaini na ushee. Gesi, saruji na bandari vimeleta watu na kazi za kukaa. Bodaboda imechukua mwendo ambao zamani mtu aliutembea kwa miguu kutoka Chuno hadi sokoni. Ugali wa muhogo na ming'oko vimepisha chapati mbili na chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na soda imekuwa kinywaji cha kawaida cha mchana. Haya yote yanajulikana na hatutayarefusha. Lenye uzito kwa hesabu ni kwamba mji hauna ukuta. Watu wa Nanguruwe, Ziwani na Msimbati wanatibiwa mjini, na watu wa Shangani wanagunduliwa Ndanda, Nyangao au Dar es Salaam. Kuna mwenye nyumba Likombe na shamba Tandahimba, ambaye kuanzia msimu wa kupulizia mikorosho salfa hadi mnada wa mwisho wa korosho analala shambani. Ukigawanya wagonjwa wote walioandikwa mjini kwa idadi ya wakazi wa mji, juu umeweka watu wa wilaya tatu na chini umeweka wa manispaa moja.

Tunapendekeza kigezo rahisi: mkazi ni aliyelala ndani ya Manispaa angalau miezi 6 kati ya 12 iliyopita. Liulizwe swali hilo, na jina la mtaa liandikwe. Kata peke yake haitoshi, maana kata nyingine zina maghorofa upande mmoja na mashamba upande wa pili.

Sasa tuje kwenye damu yenyewe, ambako wapya wengi wa uongo huzaliwa.

Kigezo kinajulikana: sukari ya kufunga, yaani bila kula kwa saa 8 au zaidi, ikiwa 7.0 au zaidi kwa milimoli kwa lita, au 11.1 na zaidi saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Au HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, ya asilimia 6.5 na kuendelea, au 11.1 na zaidi wakati wowote kwa mtu mwenye dalili za wazi, yaani kiu, kukojoa sana na kupungua uzito. Kwa asiye na dalili haturuki hatua: kipimo kinarudiwa siku nyingine kabla hajaitwa mgonjwa. Sharti hili la kurudia ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi kwenye mazoezi ya kupima watu kwa wingi.

Mashine ndogo ya kidoleni ni chombo kizuri cha kumfuatilia mgonjwa anayejulikana. Si hakimu wa kumpa mtu ugonjwa. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka majibu 95 kati ya 100 yawe ndani ya asilimia 15 ya jibu la maabara pale sukari inapokuwa 5.6 na kuendelea. Maana yake ni kwamba mashine nzima, isiyo na kasoro yoyote, inaweza kusoma 7.1 kwa mtu mwenye 6.4. Mtasema nyingine itasoma chini, makosa yatafutana. Hayafutani. Wenye 6.2 hadi 6.9 ni wengi kuliko wenye 7.0 hadi 7.7, kwa hiyo wanaosukumwa kupanda juu ya mstari ni wengi kuliko wanaoshushwa. Ukipima watu 1,000 mara moja tu, utatoka na wapya ambao hawapo.

Hapo bado hatujaigusa Mtwara yenyewe. Kopo la stripu, vijikaratasi vya kupimia vinavyochomekwa kwenye mashine, limeandikwa lifungwe mara tu baada ya kutoa moja. Kwenye hema la kampeni ya kupima sukari, lenye unyevu wa pwani na jua la saa 5, linakaa wazi tangu asubuhi. Stripu iliyokula unyevu hutoa jibu lisiloaminika, na mashine hailalamiki kila mara. Novemba na Desemba ni msimu wa bibo na embe: mtu amemenya embe, kajifutia kwenye kanga, kanyoosha kidole. Utando wa sukari kwenye ngozi unatosha kupandisha jibu kwa milimoli kadhaa, na spiriti peke yake haiuondoi vizuri. Maji na sabuni ndiyo dawa. Ndoo yenye bomba, sabuni, taulo za karatasi, kidole kikauke, ndipo achomwe. Asipopatikana maji, tone la kwanza lifutwe, lipimwe la pili. Kidole kisikamuliwe.

Upungufu wa damu nao huzifanya mashine nyingi zisome juu, na huku kwetu, kwenye malaria na seli mundu, upungufu wa damu si jambo geni. Mgonjwa mwenye malaria kali au jipu kubwa pia sukari yake hupanda kwa muda na kushuka akipona. Huyo apimwe tena baada ya wiki kadhaa, asiingizwe rejista akiwa kitandani.

HbA1c imekuja na sifa nyingi kwa kuwa haihitaji kufunga. Inategemea chembe nyekundu ziishi umri wake wa kawaida wa miezi mitatu hivi. Zikifa mapema, kwa malaria ya kila mara au seli mundu, jibu husoma chini kuliko ukweli, na mgonjwa halisi anarudishwa nyumbani na tabasamu. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume, hulipandisha. Kwa mkoa huu tusingeifanya kipimo pekee cha kumtambua mgonjwa mpya. Sukari ya kufunga kwa damu ya mshipani ibaki kuwa nguzo.

Nayo ina masharti. Damu ikikaa kwenye kichupa bila kutenganishwa, chembe zinaendelea kula sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la chumba, na chumba cha Mtwara si chumba cha Ulaya. Sampuli iliyotolewa Naliendele saa 1 asubuhi na kufika maabara saa 5 inaweza kuwa imepoteza karibu robo. Mtu wa 8.0 anasomeka 6.2. Kichupa cha kizibo cha kijivu chenye floridi husaidia, ila floridi huchukua saa 1 hadi 2 kuzuia kikamilifu, na katika muda huo sukari imeshashuka kidogo. Njia ya uhakika ni kuweka kichupa kwenye barafu mara moja na kuzungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu, ndani ya dakika 30. Umeme ukikatika sentrifuji haizunguki, kwa hiyo jenereta au betri ya akiba ihesabiwe kama sehemu ya kipimo. Bila hayo, tunatengeneza makosa ya pande mbili: hemani tunaongeza wapya, maabara tunawapunguza.

Tunachoomba ni rejista moja ya Manispaa nzima. Iwe juu ya mifumo iliyopo, GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa vituo vya afya, pale inapofanya kazi na kitabu cha kurasa ngumu pale isipofika, na kila mwezi yote ikusanywe kwa mtu mmoja mwenye jina na kazi hiyo, chini ya mratibu wa magonjwa yasiyoambukiza. Mstari wa kila mgonjwa uwe na tarehe kisukari kilipothibitishwa kwa mara ya kwanza maishani, kipimo gani na jibu, kipimo cha pili na tarehe yake, mtaa na miezi aliyokaa, umri, jinsia, uzito, urefu na kiuno, na sababu iliyomfanya apimwe: dalili, kampeni, kabla ya upasuaji, au alijitakia mwenyewe. Sababu hii ya mwisho wengi huiona ya kujazia. Ndiyo itakayotuambia kama wapya wanaongezeka au tumeongeza tu kupima.

Kabla ya kumwandika mtu, maswali mawili yaulizwe kwa sauti. Umewahi kuambiwa na yeyote kuwa una sukari? Umewahi kumeza dawa ya sukari, hata ya kuazima kwa ndugu au ya mitishamba? Muulizaji awe na vidonge vya metfomini na glibenklamidi mezani, maana wengi hawajui jina ila wanaitambua sura. Mtu akisema ndiyo kwa lolote, anaandikwa wa zamani na mwaka wa kukadiria.

Kazi ngumu kuliko zote itakuwa kumtambua mtu mmoja aliyeandikwa mara tatu. Mohamedi wa kituo kimoja ni Muhamadi wa pili na Mohammed wa tatu. Umri hutajwa kwa namba za duara, 45 leo na 50 mwezi ujao. Akina mama wengi hutoa simu ya mume au ya mtoto, na mtoto huyo huyo ni namba ya shangazi pia. Tunashauri namba ya NIDA iwe ya kwanza, na kwa asiye nayo yaandikwe majina matatu, jina la mama mzazi, mtaa na simu mbili pamoja na jina la mwenye simu. Kila mwezi, kabla ya kujumlisha, orodha ipangwe kwa jina la mama na mtaa, mtu aipitie kwa macho. Kompyuta haitaliona hili yenyewe.

Wajawazito wanaopandwa na sukari wasichanganywe humo. Wawe na ukurasa wao, wapimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, na watakaobaki na kisukari ndio waingie. Watoto na vijana wa aina ya kwanza wawekwe alama yao. Ni wachache, wanahitaji insulini tangu siku ya kwanza, na kuwasubirisha takwimu ni kuwaua.

Sambamba na rejista, kila kituo kiripoti idadi ya waliopimwa kwa mwezi, wawe na sukari au wasiwe nayo. Bila hiyo, kata itakayopata mashine mpya itaonekana ina mlipuko.

Hata rejista nzuri itaona wale tu waliofika kupimwa. Atlasi ya mwaka 2025 ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari inakadiria kwamba katika kanda ya Afrika zaidi ya watu wazima 7 kati ya 10 wenye kisukari hawajui kama wanacho. Ndiyo maana tunaomba na kitu cha pili, kidogo lakini cha miaka 3: kundi la wakazi wanaofuatiliwa.

Hesabu yake tumeipiga. Kupata kasi ya wapya kwa usahihi wa robo juu au chini kunahitaji wapya kama 60. Ikiwa kasi ni 7 kwa kila 1,000 kwa mwaka, hao hupatikana ndani ya miaka-watu 8,600 hivi, yaani jumla ya miaka ambayo kila mtu amefuatiliwa. Anzeni na watu 3,500 wa miaka 25 na kuendelea. Ikiwa 9 kati ya 100 watakutwa tayari wana kisukari, 315 wanatolewa kwenye hesabu na kupelekwa kliniki, wanabaki 3,185. Katika miaka 3 baadhi watahama au kukataa. Mkipoteza mmoja kati ya watano kidogo kidogo, bado mnapata miaka-watu karibu 8,600. Chini ya watu 2,000 msianze, mtatumia fedha na kupata namba isiyosema kitu.

Mitaa ichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka aina tofauti za kata: mfano Shangani, Chikongola na Magomeni, upande wa Mikindani kama Magengeni, na pembezoni kama Naliendele. Ndani ya mtaa zichaguliwe nyumba kwa nasibu, na ndani ya nyumba mtu mmoja. Mkiita wanaotaka, watakuja wanawake na wazee, na wenye wasiwasi wa sukari tayari. Wanaume wa miaka 30 hadi 50 hawaji saa 4 asubuhi. Wafuatwe saa 12 alfajiri kabla ya bandarini, sokoni na kijiweni, wakiwa bado hawajanywa chai; kufunga kunapatikana bure hapo.

Msimu nao uchaguliwe kwa akili ya Mtwara. Siku ya Kisukari Duniani ni Novemba 14, katikati ya korosho, nusu ya wenye mashamba hawapo mjini. Kwa matangazo sawa, kwa kipimo cha kundi si sawa. Desemba hadi Aprili ni mvua. Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia mwanzoni mwa mwaka, inabadilisha saa za kula na kiasi. Sisi tungeanza mwanzoni mwa Mei, mvua zikiisha na salfa haijapamba moto. Timu 4, kila moja watu 25 kwa siku, siku 6 kwa wiki: mnamaliza 3,500 kwa wiki 6. Kila timu mchukua damu, mwandishi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa huo huo, kwa sababu mlango unafunguliwa kwa anayejulikana. Mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, Mei ileile, mashine zilezile, maabara ileile. Atakayekutwa na 7.0 au zaidi arudiwe ndani ya wiki 2, na jibu la mara ya pili ndilo lihesabiwe.

Na yeyote atakayegunduliwa aanze matibabu wiki hiyo hiyo, miguu yake iguswe kwa uzi wa gramu 10 wa kupimia hisia, macho yapangiwe tarehe. Kuchukua damu ya watu na kuwaachia namba mkononi haturuhusu, na kamati ya maadili ya utafiti haitaruhusu pia.

Kwa utekelezaji: Mkurugenzi aweke mstari wa rejista kwenye mpango kabambe ujao, kwa mapato ya ndani, kuanzia posho ya mtu wa takwimu, kurasa za rejista, vichupa vya kijivu, barafu na mafuta ya jenereta. Mganga Mkuu wa Mkoa atoe waraka unaovibana vituo vyote vya Manispaa, vya serikali, vya dini na vya binafsi, pamoja na maabara za mitaani, maana huko ndiko wengi hupimwa kwanza. Madiwani watusaidie kwenye mikutano ya mitaa. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa izungumze na Lindi na wilaya za jirani ili mkazi wa mji aliyegunduliwa nje arudishwe kwenye hesabu yetu.

Ombi la mwisho ni la uvumilivu, na tunaliweka wazi mapema. Mwaka wa kwanza wa rejista namba itaruka juu, kwa kuwa waliokuwa wamejificha kwa miaka watatoka wote kwa pamoja. Namba hiyo isipelekwe kwenye vyombo vya habari kama kasi ya ugonjwa, wala mganga wa kituo kilichogundua wengi asiulizwe kwa nini. Itumike kuagizia dawa tu. Namba ya kulinganisha ianze mwaka wa pili, na kila itakapotangazwa itajwe pamoja na idadi ya waliopimwa.

Wenu katika utumishi,
Wataalamu wa maabara, kliniki na takwimu za afya,
Mtwara Mjini